Paswadi ya Chini ni Bilibili

Leo nimebadilisha paswadi ya waifai nyumbani, na sirudishi ng'o!

Waifai yetu ilikuwa inashika ghorofa ya juu tu. Hooyo, mama yangu, anakaa chini, na ile slabu ya zege haipitishi kitu. Akitaka kumuona dada yake wa Griftu kwa video, lazima apande ngazi na magoti yanamuuma.

Basi nikaita fundi. Akavuta waya hadi chini, akaweka ruta ya pili. Kazi safi, sikatai.

Hooyo akauliza paswadi.

"Pilipili," fundi akasema.

Hooyo akaandika. Ikakataa.

"Mama, pilipili! P ya paka."

"Si ndiyo nimeandika? Bilibili." Kisomali chetu hakina P, kwa hooyo zote ni B.

Wacha fundi acheke! Akatoa simu: "Mama, hebu rudia nikurekodi."

Kumrekodi hooyo? Ndani ya nyumba yake?

Niliingia kwenye ruta, nikabadilisha paswadi. Hooyo akaandika vile vile alivyoandika mwanzo, ikashika.

Waifai kwenye simu ya fundi ikakatika.

"Paswadi ni gani sasa?"

"Bilibili," hooyo akamjibu.

Fundi akadhani ni yale yale, akaandika pilipili. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa.

Hooyo, uso mkavu kabisa: "Kijana, sikiliza vizuri. B ya Balambala."

Mnasemaje, watu wangu? Mimi nasema hivi: ukija kwetu, utaiandika vile mwenye nyumba anavyoitamka.