Nilivyolia Kwenye Nikaha Yangu

Msambweni nzima wanalijua jambo hili, kwa hivyo heri mulisikie kutoka kwangu mwenyewe: ndiyo, bwana harusi aliyelia ni mimi.

Asubuhi ile, badala ya kutulia nyumbani kama watu, nikapita karakana yetu Ukunda kumalizia kabati la vyombo la stenlesi nililokuwa nikimtengenezea Mwanasha wangu (nilitaka siku ya kwanza akiingia jikoni alikute linameta, munanijua na ndoto zangu). Zilibaki nukta sita tu za kuchomelea. Sasa nilikuwa nimetoka kwa kinyozi, kichwa kimechongwa kikachongeka, na ile helmeti ya kuchomelea mkanda wake unabana, nikajiambia, ah, nitafumba macho kidogo, nukta sita ndizo za kuniharibia sura?

Fundi Bakari, mwenye karakana, akaniona mlangoni. "Wee, vaa helmeti! Mashine hii ya tigi inachomelea bila cheche wala kelele, lakini mwanga wake ni jua zima, macho huja kuuma baadaye!"

"Nimeshamaliza, fundi!" Na kweli nilimaliza, wala sikuhisi kitu.

Alasiri niko msikitini na kanzu yangu, mkono umeshikwa na mkwe, shehe anasoma hotuba, mara macho yakawa kama yametiwa mchanga, kisha pilipili, nikapepesa, nikajikaza, wapi, machozi yakamwagika hadi kifuani, kamasi nazo zikafuata (na shingo imeiva nyekundu, maana kwa joto lile nilichomelea vifungo wazi).

Mkwe akauachia mkono wangu. "Mwanangu, umelazimishwa?"

"La, baba!"

"Mbona walia hivyo?"

Shehe akaikatiza hotuba. "Tusimame kwanza. Ndoa ya kulazimishana haifai."

Nyuma mtu akanong'ona, "Labda ana mwingine Lunga Lunga."

Wallahi nilikufa ganzi. Miaka mitatu namngoja Mwanasha, leo nimkose kwa sababu ya kinyozi! Nikaungama yote, nukta sita, helmeti, kichwa, kila kitu. Nikasikia mkwe anakwama pumzi, nikadhani naye analia, kumbe anacheka, na msikiti mzima ukamfuata.

"Lakini binti yangu lazima aulizwe tena," akasema, akampigia simu shangazi yake Mwanasha aliyekuwa naye nyumbani. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo.

Simu ikarudi, mkwe akatupa jibu. "Asema amtaka, ila kwenye mahari yake aongezewe ahadi: hatachomelea tena bila kujikinga, hata nukta moja."

"Umesikia?" shehe akaniuliza.

"Nimekubali," nikasema, hata kabla sijaozwa.

Zahanati wakanipa dawa na kunifunga macho siku mbili, kwa hivyo mke wangu nilianza kumjua kwa sauti, na kwa mkono wake ukinilisha biriani iliyopoa. Siku ya tatu nikafumbua macho, nikamkuta amekaa ananitazama, anazuia kicheko. Jamani, ahadi ile naitimiza, si kwa kuogopa macho kuuma, ni kwamba uso ule nataka niuone mpaka nizeeke.