Chuma Alichokisugua Bibi

Juzi nilikwenda Bagamoyo harusini, nikapita Mji Mkongwe wa huko nikitafuta kivuli, mara nikajikuta nimesimama mbele ya duka la jirani yetu wa zamani. Siku hizi wanauza vocha na makava ya simu. Muuzaji alinikaribisha vizuri, akaniuliza nataka kava la simu gani. Ningemwambia nini? Pale alipotundika chaja ndipo vilipokuwa vyuma vya jirani.

Jirani alikuwa Mhindi, mgane, muuza vitambaa. Alizaliwa hapo hapo Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa. Akikasirika kilizidi chetu. Alikuwa akikusanya vyuma vya panga za kale za Kijapani. Si panga zenyewe, la! Ni kile chuma cha duara, ukubwa wa kisahani, kinachokaa kati ya mpini na makali ili kuukinga mkono. Yeye alikiita tsuba. Cha kwanza baba yake alizawadiwa enzi za kuagiza vitambaa kutoka Japani. Vingine alivitafuta mwenyewe, Unguja na Dar, kwenye maduka ya vitu vya kale. Sisi watoto hatukuelewa mtu mzima na akili zake anakusanyaje vyuma vya panga asizo nazo.

Alasiri, akipumzika kunywa chai, aliniita nivishike. Nilimpa shikamoo, nikafuta mikono kwenye gauni, akaniwekea kimoja kiganjani. Kilikuwa kizito, baridi, cheusi chenye wekundu kwa mbali, kimetobolewa umbo la kaa. Kaa huyo alimpenda kuliko vyote. Weusi ule, aliniambia, ndio thamani yake. Umejijenga kwa miaka mingi kuliko umri wa mtu yeyote tunayemjua. Kila siku alivipangusa kwa kitambaa kikavu cha pamba, maana hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma na chuma.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa hodari wa kung'arisha. Sinia, birika, kitasa cha mlango, vyote vilimjua. Mke wa jirani alipofariki, bibi aliona haifai Diwali iingie nyumba ile na vyombo vilivyofifia. Basi siku moja jirani kaenda Dar kuleta mzigo, ufunguo kauacha kwetu kama kawaida. Niliporudi kutoka chuo cha Kurani nilimkuta bibi uani na majivu, mchanga na ndimu. Taa za shaba za jirani zilikuwa tayari zinameremeta. Na kando yake, juani, yule kaa, mweupe kama sufuria mpya.

Kabla sijasema neno, jirani akaingia.

“Karibu, jirani. Vyombo vyako vilitia huruma,” bibi alisema. “Hiki ndicho kimenitoa jasho. Kutu gani ile!”

Jirani alikiokota, akakigeuzageuza.

“Kimetakata, dada,” alisema mwishowe. “Ahsante sana. Hivi vingine viache, umechoka.”

“Nimechoka wapi? Haya, nitavimaliza mwakani, inshallah.”

“Hiki kimoja kinanitosha.”

Baadaye alinivuta pembeni. “Asijue,” aliniambia, basi. Akakitundika mbele, karibu na mlango, bibi akiona. Na kila Diwali ilipokaribia, weusi ukianza kurudi, bibi alikwenda kukidai, huku akimsema jirani kwa kutojua kutunza vitu. Jirani alikitoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe akampa. Nilimwonea huruma na kumcheka papo hapo.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Diwali iliyofuata nilimpelekea jirani visheti, kama bibi alivyozoea. Nilimkuta barazani, miwani imemshuka puani, ndimu imekatwa, majivu kwenye kikombe. Alikuwa anamsugua yule kaa. Sasa angeweza kumwacha awe mweusi tena, hakuna wa kumzuia.

“Bibi yako angekikuta kichafu, angenisemaje?” aliniuliza.

Nikaketi, nikashika kitambaa, tukalia wote wawili.

Jirani naye ameshatangulia. Watoto wake walihamia nje, vyuma wakaviuza vyote kwa mtu mmoja. Huenda leo mtu huyo ameketi mahali anamtazama yule kaa, anamlaani mjinga aliyekiharibu kitu cha thamani namna ile. Simlaumu. Wa kumweleza wameisha, nimebaki mimi tu, nami sijui anaishi wapi.