Mashati ya Mpira Ufukweni Rumonge

Chama chetu cha mpira kilianzishwa na Mtaliana mmoja aliyekuja Rumonge, kwetu kando ya ziwa, kununua ngozi, zamani za utawala wa Wajerumani. Alituambia kwamba kwao hata kijiji kidogo kina chama chake, na wanaocheza ni waashi na waokaji mikate, watu wa kawaida wanaokutana baada ya kazi. Akatoa mpira wa ngozi, akatufundisha kwenye mchanga, pale michikichi ya mawese inapokomea. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa sikuwa na mbio, nikawekwa golini. Nahodha wetu alikuwa seremala wa mitumbwi. Mpishi wa boma alikuwa mfungaji wetu, na waliobaki walikuwa wavuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Vita vilipoanza, Mtaliana aliondoka, mpira akatuachia. Tukaendelea kucheza. Ng'ambo ya ziwa walikuwepo Wabelgiji, adui wa Wajerumani, na kila moshi ulioonekana majini uliwafanya watu wakusanye watoto na kukimbilia vilimani. Hata hivyo jioni tulirudi uwanjani, maana nyumbani tungekaa tukisikiliza tu.

Nilikuwa nimeshona mashati ya kitambaa cha marekani, na mke wa nahodha akayatia rangi kwa mawese na udongo mwekundu, kila moja mstari kifuani. Siku moja aliyafua akayaanika kwenye kamba ufukweni. Adhuhuri hiyo meli ya Wabelgiji ilipita mbali, ikapunguza mwendo, kisha ikaenda zake. Sisi tulishukuru Mungu. Bomani waliona jambo jingine.

Jioni yake tulikuwa katikati ya mchezo askari walipotokea pande zote. Nilidhani wamekuja kutazama, mpaka nilipoona bunduki zimeelekezwa kwetu. Nikakaa chini golini kama mtoto.

Walitupanga uani kwa boma. Bwana mkubwa, Mjerumani mkuu wa boma, alikaa mezani, mashati yetu mbele yake, na shaushi, mkubwa wa askari weusi, akawa mkalimani.

"Bwana mkubwa anauliza, hizi bendera mulikuwa munamuonyesha nani?"

"Si bendera, efendi," nahodha akasema. "Iko mashati ya kuchezea."

"Watu wazima munacheza nini wakati wa vita?"

Nahodha akanyosha kidole kwenye mpira, uliolala kando ya mashati. Bwana mkubwa akachukua kisu, akaupasua mpira wetu. Akaingiza mkono ndani akipapasa kama anayetafuta barua, akatoa kibofu cha hewa kilichosinyaa, akakitupa. Sikuthubutu kutazama pembeni, ila nilimsikia mpishi akisoma Fatiha kwa sauti ya chini, akikosea maneno na kuanza upya. Nje ya ukuta kulikuwa na mti waliowanyongea watu wawili kwa kosa kama hilo, la kumpa adui ishara. Kila mmoja wetu aliujua.

Ndipo tukasikia kelele langoni. Mke wa nahodha alikuwa amewapita walinzi, kitenge kimemvuka begani, kibuyu mkononi.

"Mimi ndiye niliyeanika!" akasema. "Kama kuanika nguo ni kosa, munifunge mimi. Hao walikuwa makazini."

"Mama, rudi nyumbani," nahodha akamsihi mkewe. "Tafadhali rudi."

Hakumtazama hata. Akachukua shati moja mezani, akamwaga mawese ya kibuyu juu ya ule mstari, rangi ikawa ileile. Akamwambia shaushi, "Muambie anuse. Bendera gani inanuka mboga?"

Shaushi alisita, kisha akatafsiri. Bwana mkubwa akalileta shati puani. Hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Akasema maneno machache.

"Anasema hamutakufa," shaushi akatuambia. Kabla hatujapumua, akaongeza: "Anasema watu wenye mapafu ya kukimbia jua lote wanaweza kubeba risasi. Kesho munakwenda."

Mke wa nahodha akaketi palepale chini. Nadhani mpaka hapo alikuwa hajasikia woga wowote. Sasa ulimjia wote kwa pamoja, kibuyu kikamponyoka.

Mimi nilibakizwa kwa sababu ya cherehani. Niliwashonea askari suruali barazani kwa boma, na kila kivuli kilipopita juu ya kitambaa niliamini wamebadili shauri. Wenzangu niliwaona wakipanda njia ya Bugarama, masanduku kichwani. Mpishi aligeuka akaniambia, "Muangalie mama yangu, ndugu yangu." Nikaitika kwa kichwa.

Wajerumani walipokimbia pwani yetu, wapagazi walianza kurudi mmojammoja. Nahodha alirudi akichechemea, amekonda hata mkewe alimwamkia kama mgeni: "Amahoro, bwana." Kisha akalia. Wavuvi kadhaa nao walirudi. Mpishi hakurudi, na hakuna aliyejua alikoangukia.

Tulisuka mpira wa majani makavu ya migomba, tukawaita vijana wapya wa kijiji jirani cha Kizuka kujaza nafasi. Mama wa mpishi nilimpelekea chakula kila Ijumaa, kama nilivyoitika. Alianza kuja uwanjani. Alisimama kando, macho kwenye njia ya Bugarama, mpaka mchezo uishe, akatuaga vizuri, akaenda nyumbani.