Kiwanja cha Haji Guled

Kwa miaka mingi nimekana, hata mbele ya pasta, kwamba ile barua isiyo na jina niliiandika mimi. Niliiandika mimi, tena kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane.

Nilipoanza kazi, maktaba ya jamii hapa Kitengela ilikuwa chumba kimoja kinachonuka rangi mbichi. Mwenyekiti wa kamati alinikabidhi daftari la mapokezi, ambamo kila kitabu hupewa nambari na kuandikiwa kilikotoka, pamoja na barua ya kiwanja.

"Madam, hii familia ya Haji imetupea kisima, imetupea uwanja wa mpira, sasa maktaba," akasema. "Wewe shukuru tu."

Kushukuru tu sikufundishwa. Kwetu Murang'a, mtu akikupa shamba bure, unatafuta kwanza kaburi lililomo. Haji Guled, mfanyabiashara wa ng'ombe wa soko la Bisil, alikuwa ameandika katika barua hiyo: "Kiwanja hiki ni wakfu." Nikaamua neno hilo ni ndugu wa "wakati": tumeazimwa tu, na bei ya ardhi ikipanda tutafukuzwa. Nilikuwa na digrii, na kamusi nne nyuma ya kiti changu. Sikufungua hata moja.

Hayo ndiyo niliyoiandikia kamati katika ile barua isiyo na jina; ikaogopa, ikaahirisha kujenga chumba cha watoto. Watoto wakaendelea kusomea sakafuni, katikati ya rafu. Haji akija kusoma gazeti, huwaruka taratibu, kanzu mkononi.

"Mwalimu, mbona hamjengi?"

"Ni kamati, Haji."

"Inaogopa nini?"

"Mimi ni wa vitabu tu."

Nilistaafu chumba hakijajengwa. Haji alipofariki, wanawe walianza kuuza viwanja vyake vya barabara ya Namanga, kimoja baada ya kingine. Nikajiona nabii. Nikangoja tingatinga.

Mwezi uliopita bintiye, Hodan, akanipigia simu.

"Madam, tumemaliza kuuza ploti za Baba."

"Na ya maktaba?"

"Hiyo si yetu. Si aliitoa wakfu? Ilishakuwa ya Mungu, watu wasome mpaka kiama. Hata tulale njaa, hatuwezi kuiuza."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Lakini kuna kitu kilimsumbua mpaka mwisho," akaendelea. "Mabati ya chumba cha watoto alikuwa ashanunua. Kamati ilimkatalia nini?"

"Haikumkatalia kamati, Hodan," nikasema. "Nilimkatalia mimi."