Gundi Juu ya Meno ya Paka

Shangazi hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mtu bila kukibonyeza kwanza kwa ngumi. Awe msibani, awe mbele ya meneja wa benki, ngumi ilishuka, sikio likainama, ndipo akakaa. Fundi wa makochi habadiliki. Binti wa kaka yake, aliyelelewa katika karakana yake, utotoni aliona haya. Siku hizi, akija likizo, alicheka tu.

Asubuhi moja ya likizo hiyo lililetwa kochi kuukuu lililokaa uani kwa mwenyewe miezi mingi. Shangazi alilipindua, akachana kitambaa cha chini, akatumbukiza mkono kutafuta springi iliyokatika. Akagusa kitu laini, chenye joto.

"Mna watoto wa paka humu!" alipaza sauti, uso ukimeremeta.

Mama yao naye alikuwemo. Shangazi aliuchomoa mkono paka akiwa ananing'inia kiganjani kwa meno. Mara paka akajirusha chini, akatoka mlangoni kama mshale, akapotelea nyuma ya maduka.

Binti alitoka stoo mbio, akamkuta Shangazi na chupa ya gundi ya sponji. Ndivyo alivyozoea kuziba mikato yote ya mkasi, kazi iendelee. Matundu mawili chini ya kidole gumba yalishafunikwa, yanang'aa.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimejitibu. Niletee pini."

"Umevifungia vijidudu ndani! Jino la paka linazama kama sindano. Na kama ana kichaa cha mbwa je?"

"Cha mbwa! We mtoto, mimi nimeumwa na paka."

"Jina tu hilo, paka nao wanaambukiza. Dalili zikishaanza, hakuna wa kukuponya. Hakuna, Shangazi!"

Sauti ilimkatika. Shangazi alimtazama, akaweka chupa chini bila ubishi.

Bombani, binti aliusugua mkono kwa sabuni, maji yakitiririka robo saa nzima.

"Unanifua kama pazia!"

"Tulia!"

Gundi ililegea, ikabanduka kipande kwa kipande. Damu kidogo ikachuruzika na binti, ajabu, akafurahi kuiona. Wakatoka mbio hadi hospitali, Shangazi na aproni yake iliyojaa pini, watu wakiwapisha njia.

"Paka yuko wapi?" muuguzi aliuliza.

"Kakimbia."

"Basi hatuna wa kumchunguza. Chanjo inaanza leo leo." Akainama juu ya kidonda. "Na gundi hii iliyobaki pembeni kaweka nani?"

Shangazi akamwelekezea binti kidevu. "Huyu hapa."

Binti aliangua kicheko huku machozi yakimtoka.

Kesho yake mkono ulivimba hadi kifundoni, vidole havikuweza kushika hata uzi. Shangazi alikaa akiuangalia, na binti akamhimiza ameze vidonge alivyopewa hospitali. Kisha uvimbe ukaanza kushuka, gumba likakunjika, chanjo zikaenda mpaka zikaisha.

Siku ya binti kuondoka, basi lilikuwa limeshawashwa Shangazi alipofika chini ya dirisha, anahema. Akapenyeza mkono wenye makovu mawili, akamkamata binti vidole, akavibana hadi vikalia.

"Umesikia hiyo? Piga yowe, we mtoto, piga yowe basi wote wajue mkono wangu umerudi!"