Mlilana Hukaa Mbele

Mwanangu, kabla hujaingia mikokoni kesho, keti hapa kwanza. Naikumbuka siku moja ya masika, miaka ya hamsini, nilipokuwa mke mgeni hapa Vanga. Nilitoka bara, Kinango, na bahari nilikuwa sijaizoea hata kidogo.

Tulikwenda na mavyaa wangu, mamake babu yako, kubandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Mvua ikashuka, ikafunga pande zote. Mavyaa akateleza, mguu ukateguka, asiweze kuukanyagia. Na maji yalikuwa yameanza kujaa.

Nikamwegemeza begani, nikatafuta njia. Upande mmoja palikuwa na vichaka vifupi vilivyosongamana. Upande wa pili, miti mikubwa iliyoachana. Kwetu bara, vichaka vya namna ile ndiyo nyika ya kupotelea, na penye miti mikubwa ndipo penye watu. Basi nikamkokota kwenye miti mikubwa.

Maji yakatufika magotini, kisha mapajani. Mizizi ilisimama matopeni kama vigingi, ikituchoma nyayo. Niliona nitakufa pale, na nitamwua mama wa watu.

Yeye akainama, akapapasa chini ya maji, akashika mzizi mmoja. Uso ukambadilika.

"Mwanangu, huu ni mlilana," akasema polepole. "Mlilana hukaa mbele, baharini. Geuka. Tufuate mikandaa, ile mifupi uliyoikimbia."

Tukageuka, mimi nalia waziwazi. Tukapita kwenye mikoko yenye mizizi ya matao, maji yakiwa kifuani. Tukaingia mikandaani, matawi yakitukwaruza uso, na hapo ndipo maji yakaanza kupungua. Mwisho tukaona michu, miti ya ukingoni mwa nchi kavu, kisha ule uwanja wa chumvi usioota kitu. Nikakaa chini. Mavyaa hakunigombeza. Alisema tu kwamba alipaswa kunifundisha tangu siku ya kwanza, na yeye pia akalia.

Ndiyo maana nakufundisha leo, mwanangu, hujabandua hata chaza mmoja. Kwanza tazama umesimama kwenye mti gani, na uujue wa nyuma yake. Ukiona mlilana, nchi kavu umeipa mgongo. Na ukishikwa na hofu usione haya. Mimi mpaka leo mvua ikifunga hutoka kibarazani kutazama nani hajarudi.

Haya, kesho nenda. Mwenyezi Mungu akufumbue macho, akurudishe kwangu na matope yako miguuni.