Msikilizaji wa Nyuma ya Ukuta

Kazi yangu ni kupiga porojo asubuhi. Mimi na mwenzangu tunaingia studio kabla jua halijachomoza, na kuanzia hapo ni maswali na vicheko: mnyama gani hulala amesimama, kwa nini asali haiozi, mbuzi wa nani kazaa watatu kwa mpigo huko Ngana. Tuna kipengele cha chemsha bongo na kipengele cha habari njema. Watu wa Kyela wanatusikiliza huku wanaanika kakao na kupepeta mpunga. Wapo wanaosema hiyo si kazi. Shangazi wa mume wangu alilisema hilo mbele yangu, tena anakula wali niliopika mwenyewe: mwanamke aliyeolewa kuchekacheka hewani na wanaume asiowajua, hiyo nayo ni kazi gani?

Mimi nimezaliwa Singida. Redio ndiyo iliyonileta Kyela, ndoa ikanibakiza. Mume wangu ni mwalimu Ipinda, lakini kwao ni Ndandalo, na huko Ndandalo ndiko nilikokutana na desturi ambayo nilikuwa nimeambiwa, ila sikuitia maanani: mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wanakaa meza moja na kupiga picha pamoja, lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kulegeza mambo. Akitaka kupita uani alikohoa kwanza, nami niliacha sufuria jikoni nikakimbilia nyuma ya migomba. Nikiiona kofia yake njiani kwa mbali, niligeuka nikachutama kwenye majani, kanga usoni, mpaka apite. Jina lake sikuruhusiwa kulitamka, na mpaka leo silitamki.

Mwanzoni nilichukia. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilimwambia mume wangu kwamba kwetu mtu humsalimia baba mkwe wake na mbingu hazianguki. Akanijibu, "Vumilia. Ndivyo anavyokuheshimu." Niliona hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kukimbizwa nyuma ya migomba.

Baada ya harusi nilirudi hewani, na hapo ndipo pakazuka kesi. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia. Mzee alikuwa anakunywa chai, redio iko mezani kama siku zote, mara ikatoka sauti yangu namsalimia kila aliyeamka salama. Akainuka kama aliyekanyaga siafu, akatoka nje bila viatu. Jioni ndugu wakaitwa. Walijadiliana kwa uzito wote: sauti ya redioni ni mkwe, au si mkwe? Mmoja akasema sauti si mtu. Mwingine akauliza, kama si mtu, mbona mzee kaijua? Aliyekata shauri ni mzee mwenyewe. Aliipenda chemsha bongo ile kuliko chai, hakuwa tayari kuikosa. Redio ikahamishiwa jikoni kwa mama mkwe, naye mzee akaweka kigoda nje, upande wa pili wa ukuta, akakaa ameipa mgongo. Hivyo alinisikia bila kunielekea, na desturi haikuvunjwa.

Kisha akaanza kujibu. Alipolijua jibu alimwambia mama mkwe kupitia kidirisha cha jikoni, "Waandikie," na mama mkwe akaandika ujumbe kwa simu yake, akiutia sahihi ya Msikilizaji wa Ndandalo. Siku niliposema hewani kwamba mgomba si mti, ujumbe ulifika kabla sijamaliza kueleza: "Nimekata migomba maisha yangu yote na sijawahi kupata ubao. Huyo binti kasema kweli. Lakini asiwaambie watoto wa shule, watakataa kuipalilia." Nilicheka hadi mwenzangu akalazimika kuweka wimbo.

Nami nikajifunza kumjibu. Mvua ikitishia nilisema msikilizaji wetu wa Ndandalo asitoke bila koti, na mama mkwe aliniambia kwamba mzee alikuwa analivaa hata kabla wingu halijafika. Tuliishi hivyo miaka. Tulitaniana, tulibishana kuhusu pweza mwenye mioyo mitatu, ambaye mzee alikataa kabisa kumkubali kwa kuwa hajawahi kutokea ziwani kwetu. Mwenzangu alipokuja kujua msikilizaji huyo ni nani, alisema, "Kumbe hapa mimi ni mshenga."

Maneno ya shangazi hayakuisha. Yalizunguka ukoo mzima, na bila shaka yalifika kwenye kigoda. Asubuhi moja, katika kipengele cha habari njema, nilifungua ujumbe nikausoma kwa sauti kabla sijaupitia, kama tunavyofanya. "Habari njema kutoka Ndandalo: nyumba yangu ina mkwe anayefanya kazi. Asiyependa azime redio."

Nilizima kipaza sauti hapohapo. Baba yangu mzazi aliondoka nyumbani kabla sijaweza kumkumbuka, na katika maisha yangu hakuna mwanamume mzima aliyewahi kujivuna kwa ajili yangu mbele za watu. Nilimpenda yule mzee tangu siku ile, wazi, kama mtoto. Nikaanza kutamani jambo moja tu: kabla hajafa nimwone uso, nimwambie asante kwa mdomo wangu bila kupitia mitambo. Nilimtuma mama mkwe akaniombee. Jibu likaja kwamba nisubiri, atasema mwenyewe siku ikifika.

Kiharusi kilimkuta uani, wakati wa mvua kubwa, akikimbiza kakao isilowe. Upande wa kulia ukafa. Maneno yakamtoka yote, hata jina la mke wake. Walimlaza hospitali, na mimi, kwa kuwa ni mkwe, nilipika uji na kuishia nao kwenye mlango wa wodi. Mama mkwe aliupokea, akaingia nao, nami nikabaki kibarazani nikisikiliza kijiko kinavyogonga bakuli.

Kipindi hakikungoja mgonjwa wangu apone. Kila asubuhi nilikwenda kucheka. Mume wangu alikuwa anaweka simu karibu na sikio la baba yake ili asikie, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwomba aongeze sauti. Niliuliza maswali nikijua anayelijua jibu amelala kule, na halitoki. Ujumbe uliingia kutoka Ipinda, kutoka Ngana, kutoka kila kona, nami niliusoma wote kwa furaha ya kughushi. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku zile.

Siku moja mchana mama mkwe alinipigia. Mzee alikuwa ananyoosha kidole kwenye simu ya mume wangu, kisha mlangoni, tena na tena. "Anakuita," alisema. Nilipofika kibarazani nilimkuta shangazi amesimama mlangoni.

"Hajamwita mtu," shangazi alisema. "Mgonjwa ananyoosha mkono tu."

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Wifi, maneno ya huyu mzee nimeyafikisha mimi miaka yote. Nasema anamwita."

Shangazi akapisha. Nilivua ndala, nikajitanda kanga, nikaingia nikitazama sakafu. Mama mkwe alitangulia akamwinamia, "Mzee, mkweo huyu hapa." Nikainua macho taratibu kuanzia miguuni: vidole virefu, magoti yaliyochongoka chini ya shuka, kifua. Kabla sijafika shingoni, mkono wa kushoto ukaruka, ukakamata pindo la shuka, ukalivuta hadi juu ya kichwa.

Alikuwa ameniita kweli. Nilipofika, akashindwa. Mama mkwe alitaka kuivuta ile shuka. Nikamwambia, "Mwache, Mama."

Nikakaa sakafuni. Asante yangu nilikuwa nimeipanga miaka mingi, lakini pale sakafuni niliisahau yote. "Mwagonile, tata," nilimsalimia kwa lugha ya kwao, nikimwita baba, kisha nikaanza kupiga porojo, kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyokuwa tumewahi kuzungumza. Nilimwambia kuna mvuvi kavua mbasa mkubwa akakataa kumuuza mpaka apigwe naye picha. Nilimwambia pweza nimemfuta, abaki na moyo mmoja kama wengine. Shuka ilitikisika. Kama alicheka au alilia sijui, na sitajua. Mimi nililia. Mwishoni nikasema, "Ndaga fijo, tata," asante sana kwa lugha yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa asante yenyewe. Nikatoka.

Alifariki wiki ileile, asubuhi, niko hewani nasoma habari ya kuku aliyeangua mayai ya bata. Mwenzangu aliitazama simu, akanitazama mimi, akaweka wimbo kabla sijamaliza sentensi. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Sijui kwa nini hasira zangu zote zilimwangukia yule kuku. Nilipofika nyumbani nilikuwa bado namlaani.

Tulimzika Ndandalo. Turubai lilifungwa uani, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri kwa muda mrefu, kisha watu wakaambiwa wapange mstari kuaga mwili. Nilisimama mwishoni kabisa, nikitarajia kwamba wakwe wataambiwa wabaki kando. Badala yake shangazi alinijia, yeye mwenyewe, macho yamemvimba, akanishika mkono. "Twende, mwanangu," alisema. "Sasa unaruhusiwa. Marehemu haoni haya."

Aliniongoza mbele ya watu wote. Jeneza lilikuwa wazi, na ule uso nilioutamani miaka yote ulikuwa pale, hatua moja kutoka nilipo, na hakuna aliyekuwepo wa kunizuia. Nikaukumbuka ule mkono wa kushoto. Katika mwili mzima ndio pekee uliokuwa umebaki ukimtii, naye aliutumia kujifunika asionwe nami. Sasa hata huo ulikuwa umelazwa kifuani, hauwezi kuvuta kitu. Nilifumba macho, nikashika ukingo wa jeneza, nikapita.